Nondo Hapendi Moto

Kwanza tuondoe utata. Hapa Kondoa ukisema jana usiku ulikuwa unakamata nondo, mtu atakuuliza ni za milimita 12 au 16, na ulizitoa kwenye jengo la nani. Ukisema hivyo mbele ya waliosoma, watadhani umeshusha hoja nzito mahali, au umekula nondo, yaani umehitimu. Nondo ninayemzungumzia mimi ndiye wa mwisho kukumbukwa: yule mdudu wa usiku, ndugu yake kipepeo, anayezunguka balbu ya barazani mpaka anaangukia kwenye bakuli la mchuzi.

Mimi huwakamata, nawapiga picha, nawaachia. Huu ni mwaka wa nne. Hainiingizii hata shilingi. Lakini humu tunasoma fasihi, kwa hiyo nimekuja na kazi ya fasihi: kuhakiki tashbihi moja ambayo washairi wameitumia mpaka imechakaa, na ambayo mimi mwenyewe niliitumia vibaya kuliko wengi. Tashbihi ya nondo na taa.

Mnaijua. Ina matawi mawili. Tawi la kwanza ni la mahaba: mimi nondo, wewe taa, nitakuzunguka mpaka niungue. Hili lina ukoo mkubwa. Attar wa Nishapur, mshairi Mwajemi wa karne ya 12, katika utenzi wake wa ndege wanaomtafuta mfalme wao, anawaleta nondo wanaotaka kuujua mshumaa. Wanatumwa mmoja mmoja kwenda kuutazama, wanarudi na habari, na habari zao hazitoshi. Anayeujua kweli ni yule anayeingia ndani ya mwali na haonekani tena. Kwa masufi, kuungua kwake ndiyo elimu yenyewe.

Tawi la pili ni la mawaidha, na hili ndilo lililoota mizizi kwetu. Kijana ni nondo, mji ni taa. Binti ni nondo, starehe ni taa. Aliambiwa hakusikia, alipaparika, kaungua. Mshairi anafunga ubeti, wazee wanatikisa kichwa, msikilizaji anaenda nyumbani akiwa na uhakika kwamba aliyeungua alitaka mwenyewe.

Ukiyatazama vizuri, matawi yote mawili yamesimama juu ya shina moja: kwamba nondo anaupenda moto. Wa mahaba anamsifu kwa upendo huo, wa mawaidha anamlaumu kwa upendo huohuo. Hakuna anayeuliza kama upendo wenyewe upo.

Mimi sikuuliza. Nikiwa kidato cha 6 niliandika tarbia ya beti 7, mizani 8 kwa 8, vina vimenyooka kama uzi wa fundi mwashi. Niliiita "Nondo". Ilimhusu dada yangu, mtoto wa mama mkubwa, aliyeondoka Kondoa akiwa na miaka 17 kwenda kufanya kazi za ndani Dar es Salaam, akarudi baada ya miaka miwili na rambo moja la nguo na mtoto mgongoni. Sikumtaja jina. Haikuhitajika, kila mtu alijua. Niliisoma kwenye mahafali, watu wakacheka pale pa kucheka na kuguna pale pa kuguna, mwalimu wangu wa Kiswahili akasema nina kipaji. Dada alikuwa amekaa safu ya nyuma kwenye benchi la wageni, ananyonyesha.

Tuache hapo kwanza. Twende kwenye shuka.

Kukamata nondo ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Unahitaji shuka jeupe la pamba, kamba, miti miwili, na taa yenye mwanga wa zambarau ule ambao macho yetu yanauona kwa shida lakini wadudu wanauona vizuri sana. Unatega saa 2 usiku. Usiku mzuri ni wa giza, mwezi haupo, joto kidogo, mawingu, hasa mvua za kwanza zikishaanza, Novemba kuelekea Desemba. Mwezi ukiwa mpevu usijisumbue, watakuja wachache. Ukitaka kulala, tumia mtego wa ndoo: taa juu, faneli chini yake, na ndani ya ndoo unapanga trei tupu za mayai. Nondo wanaingia, wanajificha kwenye vishimo vya trei, asubuhi unafungua trei moja moja kama mtu anayefungua barua. Kwa kuwa bado wamepoa na baridi ya alfajiri, wanatulia. Mimi natumia simu na kilenzi cha kubana. Halafu unawaachia kwenye majani mazito, mbali na kuku. Nasema mbali na kuku kwa sababu wa kwetu walishajua ratiba.

Majirani walichukua muda kunizoea. Shuka jeupe linaning'inia gizani, mtu amesimama mbele yake kimya saa tatu mfululizo: hata mimi ningeuliza maswali. Mzee mmoja alikuja na fimbo, nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kuondoa macho kwenye shuka, kisha akauliza swali la maana kabisa: "Hao ndio mama wa viwavijeshi?" Aliuliza akiwa na shamba la mahindi kichwani. Mwaka 2017 viwavijeshi vamizi vilipoingia Tanzania, mzee hakuhitaji tashbihi kujua nondo anaweza kumfanya nini. Nilimwonyesha mmoja baada ya mwingine. Alipoondoka alikuwa ameanza kuwatofautisha kwa mabawa.

Mshairi wa "Nondo" hakuwahi kufanya hivyo hata mara moja. Kiswahili kinawapa wote jina moja, basi nasi tukadhani ni mdudu mmoja mwenye tabia moja. Duniani wameshaorodheshwa nondo wa takriban aina 160,000. Kwenye shuka langu anakuja Cyligramma latona, wa kahawia mwenye mstari wa rangi ya maziwa na macho mawili ya bandia, mkubwa kama nusu ya kiganja. Anakuja nondo mwenye alama ya fuvu la mtu mgongoni, Acherontia atropos, ambaye ukimshika analia kama panya, na ambaye huingia kwenye mizinga ya nyuki kunywa asali. Usiku mmoja tu alikuja Argema mimosae, kijani cha kuelekea njano, mikia miwili mirefu kama riboni. Kiwavi wake hula majani ya miti kama mng'ongo. Yeye mwenyewe akishakuwa nondo hali kitu. Hana mdomo wa kulia. Anaishi kama wiki moja kwa akiba aliyoiweka utotoni, na kazi yake pekee katika wiki hiyo ni kutafuta mwenzake.

Sasa mtazame huyo kwenye taa. Hauendei mwanga kama mtu anayekwenda kwa mpenzi. Anaupita, anapinda, anapanda juu yake anapoteza nguvu, anapinduka chali, anaanguka, anaanza tena. Nilitazama hilo miaka miwili bila kulielewa. Januari 2024 likatoka jibu kwenye jarida la Nature Communications. Watafiti walipiga picha za video za kasi kubwa, maabara na porini kule Costa Rica, wakaona kwamba mdudu akiwa karibu na taa huigeuzia mgongo. Sababu yake ni ya zamani kuliko taa zote: usiku, kwa mamilioni ya miaka, upande wenye mwanga zaidi ulikuwa ni mbingu. Ukiuelekezea mgongo, unajua juu ni wapi na unaruka sawasawa. Taa ikiwekwa ubavuni mwake, anaelekeza mgongo ubavuni, na kila akijaribu kunyooka anazidi kupinda. Hawezi kutoka kwa sababu anafanya kilekile kilichokuwa kikimwokoa kila usiku. Na si wadudu wote: nondo mmoja, Daphnis nerii, aliipita taa kwenye majaribio yao bila kupinduka.

Kwa hiyo shina la tashbihi limeoza. Nondo wa kwenye taa hapendi. Amepoteza juu.

Najua pingamizi linalokuja, maana ningeliandika mimi mwenyewe chini ya makala ya mtu mwingine: ushairi si biolojia. Simba wa kwenye tenzi halazimiki kufanana na wa Serengeti. Nakubali, kwa kiasi. Lakini tashbihi ya mawaidha haifanyi kazi kama mapambo, inafanya kazi kama ushahidi. Inamwambia msikilizaji: tazama mwenyewe, nenda barazani kwako, si unamwona? Nguvu yake yote inatoka kwenye kile ambacho kila mtu amekiona. Ukimwita shahidi mahakamani, usikasirike anapoulizwa maswali. Na mkoa huu una mifano ya kututia aibu: hapa Kolo watu walichora kwenye mawe pofu, twiga na tembo kwa namna ambayo leo, bila maelezo yoyote, unawatambua. Walitazama kwanza.

Na hapa ndipo niliposhangaa. Baada ya kusoma utafiti ule nilirudi kwenye Kurani, kwenye Sura ya 101, Al-Qaria, ambayo wengi wetu tuliihifadhi madrasa tukiwa wadogo. Pale watu wa siku ya kiyama wanafananishwa na wadudu hawa, kwa Kiarabu farashi, wakiwa wametapanyika. Hakuna mapenzi pale, wala tamaa. Kuna umati uliopotelewa na mwelekeo. Kwa mtu aliyesimama mbele ya shuka usiku wa mvua za kwanza, hiyo ndiyo picha sahihi kuliko zote nilizosoma. Na ipo hadithi mashuhuri, katika Bukhari na Muslim, ambamo Mtume anajifananisha na mtu aliyewasha moto, wadudu wakaanza kuangukia ndani, naye akawa anawazuia na wao wanamponyoka. Wahubiri huitumia kuwasema wanaoanguka. Ni haki yao, kosa la kuanguka limo mle. Lakini kama msomaji wa fasihi naona pia kitu ambacho tawi letu la mawaidha limekikata: kuna mkono. Kuna mtu aliyesimama pale anayejaribu kuzuia. Kwenye tarbia yangu hakukuwa na mkono wowote. Kulikuwa na nondo, taa, na mshairi anayecheka.

Je, basi hakuna nondo anayekufa kwa mapenzi? Yupo, ila washairi wamemtafuta kwenye mtego usio wake. Tanzania imekuwa ikitega nondo kwa shughuli za serikali tangu zamani kuliko hobi yangu. Tengeru, Arusha, kumekuwa na kituo cha kutabiri viwavijeshi, na mitego yake imetawanywa wilayani. Ile haina taa. Ina kipande kidogo cha mpira kilicholoweshwa harufu iliyotengenezwa ifanane na ya nondo jike. Madume huisikia kwa mbali, hupanda upepo kuifuata, na kumkuta jike hayupo. Wanahesabiwa, na idadi yao inasaidia kumwambia mkulima kama ajiandae. Huyo ndiye aliyekwenda kwa kupenda. Na tazama: hata yeye hakwenda kwa upumbavu. Alikwenda kwa sababu mtu aliyejua anachokitaka alikitengeneza kiini macho chake na kukitundika mtini.

Sasa turudi kwa dada.

Shuka langu la kwanza lilikuwa linachanika kingo, nikampelekea alipinde. Ana cherehani yake sokoni siku hizi, alijifunza hapahapa, kwa kulipia mwenyewe kidogo kidogo. Akauliza shuka la nini. Nikamweleza. Akauliza, "Ndio wale wa kwenye shairi lako?"

Ilikuwa imepita miaka 11. Hatukuwahi kulizungumza. Nilisema ndiyo.

Akaendelea kukanyaga cherehani mpaka mwisho wa pindo, akakata uzi kwa meno. "Mimi Dar sikuipenda hata siku moja," akasema. "Niliambiwa nitafundishwa kushona."

Hakusema zaidi na mimi sikuuliza. Alinitoza bei ileile anayowatoza wengine.

Kwa hiyo huu ndio uhakiki wangu wa "Nondo", tarbia ya beti 7. Vina vyake vizuri. Mizani haina kasoro. Kosa lake liko kwenye kitenzi kimoja, kupenda, na kitenzi hicho ndicho kilichobeba hukumu yote. Shairi lilisema alivutwa na mataa ya mji. Ukweli ni kwamba alifuata ahadi, na ahadi ina mtu aliyeitoa. Mtu huyo hayumo kwenye ubeti wowote kati ya 7. Tashbihi ilinisaidia kumficha bila hata kujua kwamba namficha. Usilolijua ni usiku wa giza, na mimi nilikuwa nimesimama kwenye giza hilo nikimwonyesha mwenzangu kidole.

Nilijaribu kutafuta waandishi waliomtazama nondo kwa uaminifu zaidi, niwataje wawili. Virginia Woolf ana insha fupi, "The Death of the Moth", iliyochapishwa mwaka 1942, baada ya kifo chake. Nondo wa mchana anahangaika kwenye kioo cha dirisha. Hakuna taa, hakuna funzo. Nondo anapopinduka chali na kushindwa kuinuka, mwandishi anainyoosha penseli amsaidie, kisha anatambua kinachokuja, anairudisha chini. Wengine huisifu insha hiyo kwa falsafa yake ya kifo. Mimi naisifu kwa penseli. Woolf anakubali kwamba naye yumo chumbani, kwamba ana mkono, na anatuambia mkono ulifanya nini. Namlaumu kwa jambo moja tu: nondo wake anabaki alama ya uhai kwa jumla, hatujui ni wa aina gani wala alikuwa anakwenda wapi.

Gene Stratton-Porter yuko upande wa pili. Alikuwa Mmarekani wa Indiana, mpiga picha, na mwaka 1912 alitoa kitabu kizima cha nondo wa kinamasi cha jirani yake. Riwaya yake ya 1909, "A Girl of the Limberlost", ina hisia nyingi mno, machozi kila baada ya sura mbili, na maadili yake yananukia sabuni. Lakini ina jambo ambalo sijaliona kwingine. Msichana maskini, Elnora, anakamata nondo na kuwauza ili alipe ada na kununua vitabu vya sekondari. Nondo kwake ni ada! Msomaji yeyote wa hapa aliyewahi kurudishwa nyumbani kwa ajili ya ada ataisoma tofauti na msomaji wa Indiana. Na mama yake, kwa hasira zake mwenyewe, anamuua nondo mmoja wa njano ambaye bila yeye mkusanyiko haukamiliki. Hapo mwandishi anaonyesha kwamba anayemzuia binti anaweza kuwa ndiye yule anayemhubiria, na ndiyo maana namsamehe machozi yake yote. Baadaye mama anatoka usiku kwenda kumkamatia wengine. Mkono tena.

Nisijifanye mtakatifu. Siku hizi mwenye kuwasha taa ni mimi. Yule Argema mimosae mwenye wiki moja ya kuishi alikaa kwenye shuka langu saa mbili nzima, na saa hizo nilimwibia. Picha yake nimeitazama mara nyingi, ni nzuri, na kila nikiitazama nakumbuka kwamba ameinamisha mgongo kwenye balbu niliyoitundika mimi. Tangu hapo nina sheria: saa 5 usiku nazima, hata kama wanaendelea kuja. Ukizima, wanakaa kimya dakika kadhaa kama wanaosikiliza. Halafu mmoja mmoja wanapata juu yao na kuondoka kuelekea milimani, kwenye miti iliyorudi baada ya mwaka 1979, mifugo ilipoondolewa kwenye maeneo ya Kondoa yaliyokuwa yamemomonyoka.

Siwaambii washairi waiache tashbihi hii. Naomba tu mtu akimleta nondo kwenye ubeti, atuambie pia nani kawasha taa, na kama kulikuwa na mtu karibu na swichi. Mimi ile tarbia siisomi tena mahali popote. Nilitaka kuiandika upya nikashindwa, kila nikifika ubeti wa tatu nakuta nazungumza kwa niaba ya mtu anayejua kuzungumza. Niliacha. Wiki ijayo mwezi haupo. Dada amesema atakuja kuwaona, akifunga kazi mapema.